Tundu la Pili na la Nne

Picha ilisita, ikaruka, na ilipozinduka jiwe lilikuwa limekwisha kuuvuka mstari mwekundu likiwa bado mkononi mwa Orysia Hnatiuk. Kidole chake kilikuwa kimekakamaa juu ya kipanya. Alikuwa amekiachia kitufe kwa wakati, na moyo wake ulimshuhudia hivyo. Lakini kompyuta ilikuwa imesinzia nukta ile ile ambayo haikupaswa kusinzia, na kwa sheria za mchezo, jiwe lisiloachiwa kabla ya mstari huondolewa barafuni. Lilikuwa jiwe la sita kuondolewa siku hiyo.

“Orysia!” Sauti ya nahodha wao, Bernadette Chartrand, ilimjia masikioni kupitia hedifoni. “Umelala, umekufa, au unapika?”

“Si mimi, Bernadette. Ni mashine.”

“Wiki iliyopita mashine. Wiki ya juzi mashine. Basi hiyo mashine tuiandike jina kwenye timu, maana ndiyo inayocheza.”

Wenzao wawili waliokuwa hewani wakacheka. Orysia naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha kufunika aibu, kama kitambaa kizuri kilichotandikwa juu ya meza iliyovunjika mguu.

Kulikuwa na wakati ambapo wanawake hao wanne walicheza mchezo huo kwa miguu yao wenyewe, katika ukumbi wa barafu wa Pelly Bend, mji wenye watu mia nne katika tambarare za Manitoba. Mmoja husukuma jiwe zito lililong'arishwa, wawili hulitangulia wakiisugua barafu kwa mafagio ili lisichoke njiani, na nahodha husimama mwisho wa uwanja, ndani ya duara ambamo jiwe linatakiwa kutulia, akipiga kelele. Kwa miaka ishirini na tisa Orysia alikuwa mchezaji wa pili wa timu hiyo. Kisha, majira mawili ya baridi yaliyopita, mtambo wa kugandishia barafu uliharibika na ukumbi ukafungwa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bernadette aligundua kwamba kulikuwa na gemu la kompyuta la mchezo ule ule, na kwamba miji mingine midogo iliyopoteza kumbi zake ilikwisha kuunda ligi humo. Tangu hapo, kila Jumamosi saa nane mchana, kila mmoja wao aliketi nyumbani kwake, akavaa hedifoni, na wanne hao wakakutana tena. Barabara zikiwa zimefukiwa na theluji, hawakuwa na mahali pengine pa kukutania.

Ndiyo maana maneno ya Bernadette baada ya mechi, wenzao walipokwisha kuondoka hewani, yalimwingia Orysia kama baridi ya mlango uliosahauliwa wazi.

“Sikia, dada. Jumamosi ijayo tukifungwa, msimu umekwisha. Lenore wa duka la dawa ana kompyuta mpya, na kila nikienda kununua vidonge ananiuliza kama tuna nafasi.”

“Lenore hajawahi kushika fagio maishani mwake.”

“Humu hamna fagio, Orysia. Kuna kitufe. Nakupa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Utanirushia mawe kumi, mimi nikitazama. Likikwama hata moja, Jumamosi anacheza Lenore. Usinichukie.”

“Sikuchukii. Nitakuchukia Ijumaa.”

“Haya. Ijumaa basi.”

Mtu mwingine angelia, au angeipiga kompyuta kofi. Orysia alikuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na ishirini na saba kati ya hiyo aliitumia katika ghala la nafaka, kwenye mizani ya malori, mahali ambapo kila kitu kina sababu na asiyeitafuta sababu hupoteza ngano ya watu. Shule aliiacha mapema, mama yake alipougua, akatoka akiwa bado anayumbayumba katika kusoma. Kusoma kwa kweli alijifunza akiwa tayari na watoto watatu, katika darasa la watu wazima lililokutana kwenye chumba cha chini cha kanisa. Huko alipata tabia ambayo haikumtoka tena: kusoma akiwa na penseli mkononi, akiipitisha chini ya kila mstari, asiliache neno mpaka limempa kilichomo ndani yake.

Basi Jumatatu alifungua ule ukurasa wa kompyuta unaoonyesha kila sehemu inavyofanya kazi, akauweka pembeni, akaanzisha gemu na kutazama. Mstari wa memori ulipanda taratibu kama maziwa jikoni. Asilimia themanini. Tisini. Tisini na saba. Na hapo hapo picha ikaganda. Alirudia mara tano. Mara tano mstari ulifika juu, na mara tano picha iliganda.

“Imejaa,” alimwambia mumewe, Metro, aliyekuwa upande wa pili wa meza akishona kidole cha glovu yake.

“Nini imejaa?”

“Memori. Ni pale kompyuta inapoweka kitu inachokishughulikia sasa hivi. Ikijaa, inaanza kuvihamishia vitu kwenye diski, inavirudisha, inavihamisha, inavirudisha. Ni kama mimi na meza hii siku ya kutengeneza varenyky, vile visambusa vyetu vya kuchemsha. Meza ikijaa naanza kuweka trei sakafuni.”

“Na mbwa anakula.”

“Na mbwa anakula,” Orysia akakubali.

“Kwa hiyo sasa unataka meza kubwa.”

“Mara mbili ya hii.”

Metro alikata uzi kwa meno. “Mama, una miaka sitini na mitatu. Wenzako wa umri huo wanajinunulia viatu vya kutembelea.”

“Mwenzao mmoja wa umri huo ndiye aliyekuvalisha soksi leo asubuhi mgongo wako ulipokukataa. Shona glovu yako.”

Aliagiza siku hiyo hiyo. Ndani ya kompyuta kulikuwa na kipande kimoja cha memori, cha gigabaiti nane. Yeye aliagiza viwili vipya vya nane nane, pacha waliotoka kiwanda kimoja, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba kuchanganya kipande kipya na cha zamani ni kuozesha watu wasiojuana: pengine watapatana, pengine sivyo.

Kifurushi kilifika Alhamisi asubuhi. Metro alikileta kutoka posta kwenye baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, ndevu zake zimekuwa nyeupe kwa pumzi iliyoganda. Orysia alikwishashika mkasi.

“Usifungue!”

“Najua.”

“Unajua na mkasi uko mkononi.”

Aliuweka mkasi chini. Hakuna mtu wa Pelly Bend asiyejua kwamba kitu kilichotoka kwenye baridi ya namna ile hutoka jasho kikiingizwa ndani ghafla. Miwani hutoka jasho, bunduki hutoka jasho, na akordioni ya babu yake Metro ilitoka jasho Krismasi moja hadi gundi yake ikaachia na sauti yake ikawa kama ya mbuzi mwenye mafua. Kifurushi kilipaswa kukaa ndani ya mfuko wake, kimefungwa, hadi kipate joto la nyumba. Kwa muda wa saa tatu, alisema Metro. Saa mbili, alisema Orysia. Wakapatana kwa saa tatu, maana Metro aliketi karibu nacho.

Muda huo Orysia aliutumia kusoma kijitabu cha ubao mkuu, ule ubao mpana unaobeba sehemu zote za kompyuta. Alipitisha penseli chini ya kila mstari. Alijifunza kuzima umeme na kuchomoa waya, kutoshika meno ya dhahabu ya kipande kwa vidole, kusukuma hadi vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Alifika kwenye sentensi iliyosema kwamba vipande vikiwa viwili, vipachikwe kama mchoro wa ukurasa ufuatao unavyoonyesha. Akafunua ukurasa. Ulikuwa wa picha tupu. Akaupita, akafunua uliofuata.

Hakufanya hivyo kwa uvivu. Katika darasa la chumba cha chini, vitabu vya picha walipewa wale ambao maneno yalikuwa bado yanawashinda, na Orysia alihangaika majira mawili ya baridi ili aachane navyo. Siku aliyokabidhiwa kitabu cha kwanza kisicho na picha hata moja, alikibeba nyumbani kifuani, ndani ya koti. Tangu siku hiyo, ukurasa wa picha kwake ulikuwa ukurasa wa watu wengine.

Saa tatu zilipotimia, alivua soksi za sufu na kusimama miguu mitupu kwenye sakafu ya jikoni, mbali na zulia. Kabla ya kugusa chochote aligusa chuma kitupu cha kasha la kompyuta. Akashika bisibisi, akagusa chuma tena.

“Unaomba baraka?” Metro aliuliza.

“Leo asubuhi ulimgusa paka akaruka kwa cheche, hukumwona? Cheche ya paka tunaiona. Ile tusiyoiona ndiyo inayoua hivi vitu.”

Ndani ya kasha, vumbi lilikuwa limejitandaza kama blanketi la mtoto. Alilipuliza. Kando ya feni kubwa kulikuwa na matundu manne, marefu na membamba, yamepangwa sambamba. Kipande cha zamani kilikuwa kimesimama peke yake kwenye tundu la pili. Alikichomoa, akakilaza kwenye kitambaa, kisha akavipachika vipya: kimoja tundu la kwanza, kingine tundu la pili. Hata hakufikiri. Kule ghalani, vihenge hujazwa kwa kufuatana. Ukimaliza cha kwanza unakwenda cha jirani yake, na mtu aliyeruka kihenge alipimwa kwanza pumzi yake kama hakunywa. Alisukuma kwa dole gumba, akaogopa, akasukuma kwa nguvu zaidi. Vishikizo vilijifunga kwa mlio mkavu uliomfanya Metro ainuke kidogo kitini.

“Umevunja?”

“Ndivyo kinavyotakiwa kulia.”

Aliwasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Walingoja, na saa ya ukutani ikahesabu dakika nzima, kisha nyingine.

“Umeiua,” Metro alinong'ona, kama mtu aliye kwenye matanga.

“Inazoeana nayo. Nimesoma. Mara ya kwanza huchelewa.”

Skrini ikawaka. Orysia alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa memori: kumi na sita. Akaanzisha gemu. Mstari wa memori ukapanda, ukafika asilimia sitini, ukatulia hapo kama ng'ombe aliyeshiba. Jiwe la kwanza likaenda bila kuganda. La pili likaenda. Alipiga kelele iliyomtoa mbwa chini ya meza.

Jiwe la tatu liliruka.

Halikuganda, hilo alilitazama kwa makini. Kuganda kwa zamani kulikuwa kama mtu kuzimia. Huku kulikuwa kuchechemea, kama mtu mwenye kokoto ndani ya kiatu. Jiwe lilikuwa hapa, kisha likawa pale, na mahali pa katikati hapakuonekana. Gemu lilikuwa na namba ndogo kwenye kona iliyoonyesha picha ngapi zinachorwa kwa sekunde moja, na namba hiyo ilikuwa ikiyumba: ishirini na nne, kumi na tisa, ishirini na mbili. Alirusha mawe kumi na kuandika kila moja kwenye daftari. Mawili yaliondolewa kwa kuvuka mstari.

“Basi haikuwa memori,” Metro alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. “Pole, mama.”

“Ilikuwa memori. Kuganda kumekwisha.” Aligonga daftari kwa penseli. “Magonjwa yalikuwa mawili, Metro. La kwanza lilikuwa kubwa, likamficha mwenzake. Sasa la pili limebaki peke yake na mimi naliona.”

“Na unafurahi!”

“Sifurahi. Nataka kujua tu.”

Alimpigia simu bwana wa mji wa Brandon aliyeunda kompyuta hiyo na kumuuzia. Simu ilijibu yenyewe kwa sauti ya bwana huyo: amekwenda ziwani kuvua samaki kwenye barafu, atarudi Jumatatu, acha ujumbe. Orysia hakuacha ujumbe. Kufikia Jumatatu nafasi yake ingekuwa mali ya Lenore.

Ijumaa asubuhi, baada ya kahawa, alilitoa tena bamba la ubavuni na kukaa mbele ya kasha lililo wazi, mikono mapajani, kama mtu aliyemtembelea mgonjwa asiyezungumza. Hakugusa kitu. Alitazama tu. Pacha wake wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega, na kando yao matundu mawili matupu. Jua la asubuhi lilikuwa limepita dirishani na kuangukia ndani, na kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo jana, kwa wasiwasi, hakuliona. Matundu hayakuwa ya rangi moja. La kwanza lilikuwa jeusi, la pili la kijivu, la tatu jeusi, la nne la kijivu.

“Metro, hebu njoo. Kwa nini mtu apake rangi mbili kitu ambacho hakuna atakayekiona?”

Metro aliinama, mkono mgongoni. “Urembo.”

“Urembo ndani ya boksi la chuma?”

“Bernadette anavaa chupi nyekundu kwenye mechi za mwisho, na nani anaiona?”

“Wewe umejuaje?”

“Mwenyewe aliutangazia ukumbi mzima! Mwaka ule tulioshinda.”

“Bernadette ana sababu yake. Na huyu aliyepaka rangi hizi ana sababu yake. Kiwanda hakipaki rangi bure.”

Metro alitazama tena, akajikuna kidevu. Naye aliwahi kufanya kazi ghalani, upande wa kushusha mizigo, na ndiko walikokutana. “Sisi tulipaka rangi milango miwili tu,” alisema. “Wa kijani na mwekundu. Ili madereva wajue shimo lipi linakwenda wapi.”

Orysia aligeuka kuyatazama matundu.

Aliyaona waziwazi: mavuno ya mwaka ule meneja mpya alipokuja. Ghala lilikuwa na mashimo mawili ya kushushia nafaka, kila moja na mlango wake na mtambo wake wa kupandisha ngano juu. Meneja akaamuru malori yote yapite mlango wa kijani kwa sababu ulikuwa karibu na mizani. Vihenge vilikuwa vitupu, vingeweza kumeza ngano ya wilaya nzima. Na malori yalipanga foleni hadi barabara kuu, injini zikinguruma, madereva wakitukana, huku mlango mwekundu umefungwa na buibui wakisuka juu yake. Siku tatu nzima hakuna aliyeelewa mahali pa kukwama. Nafasi ilikuwapo tele. Kilichokosekana hakikuwa nafasi.

“Ilikuwa njia,” alisema kwa sauti.

“Njia ya nini?”

“Nimeongeza vihenge, Metro! Nimeongeza vihenge, halafu nimepitisha malori yote mlango mmoja. Hawa wawili wanagombania mlango wa kijani. Mwekundu umefungwa.” Alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. “Na hii kompyuta haina kadi yake ya picha, bwana yule aliniambia siku ya kununua. Kila picha ya kwenye skrini inachorwa kwa memori hii hii. Malori ya ngano na malori ya picha, yote mlango mmoja!”

“Una hakika?”

Hilo lilimtuliza. Hakuwa na hakika. Alikuwa na mfano tu, na mfano si ushahidi. Akakichukua kijitabu, akakipitia upya kwa penseli, mstari kwa mstari, hadi ile sentensi iliyomwambia atazame mchoro wa ukurasa ufuatao. Penseli ikasimama. Akafunua ukurasa wa picha, na safari hii hakuupita.

Ulikuwa mchoro rahisi ambao mtoto asiyejua herufi angeuelewa. Matundu manne. Mishale miwili. Mmoja ulielekea tundu la pili, mwingine tundu la nne, yote mawili ya kijivu: matundu jirani yalikuwa na njia moja, na rangi moja ilimaanisha njia mbili tofauti.

Orysia aliutazama muda mrefu. Kisha alicheka, kicheko cha polepole kilichotoka mbali, na Metro alipomuuliza anacheka nini, alisema tu, “Ninacheka mwanamke mmoja mwenye kiburi ninayemfahamu.”

Alivua soksi. Akagusa chuma. Akakichomoa kipande kilichokuwa tundu la kwanza na kukipeleka la nne, akasukuma hadi vishikizo vikalia. Skrini ilikaa nyeusi tena muda wake, na Metro, ambaye sasa alikuwa mtaalamu, akasema, “Inazoeana.” Gemu likafunguka. Orysia hakuangalia jiwe. Aliangalia ile namba ya konani. Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na moja. Jiwe lilitoka mkononi mwake likateleza mbele moja kwa moja, bila kuruka, na kwa mara ya kwanza ndani ya gemu hilo aliona kitu ambacho mashine yake haikuwahi kumwonyesha: vijipunje vya maji vilivyogandishwa juu ya barafu viking'aa, kama vile vya ukumbini kwao, na jiwe likivipita kimoja kimoja.

“Kumbe kuna vijipunje,” alisema. “Metro, waliviweka. Muda wote huu vilikuwapo.”

Saa kumi kasoro dakika tano Bernadette aliingia hewani. Hakusalimu.

“Mawe kumi, Orysia. Nimekaa ndani ya duara, nakutazama.”

“Nakuona.”

Jiwe la kwanza lilikwenda na kutulia pale pale fagio la Bernadette lilipoelekeza. La pili likaligonga jiwe lililolinda mbele ya duara na kulisukuma nje. La tatu, la nne, la tano. La sita. La saba. Metro alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia vyombo, hakaushi kitu.

La nane liliishia njiani. Lilisimama mbele ya duara, mbali na mahali lilipotakiwa. La tisa likaenda vizuri. La kumi nalo likaishia njiani, karibu na mwenzake, na yote mawili yakakaa pale kama watoto waliotumwa dukani wakasahau walichoagizwa.

Hakukuwa na kuruka. Hakukuwa na kuganda. Namba ya konani ilisimama arobaini, haina habari. Kwa miezi kadhaa Orysia alikuwa na pa kusingizia, na sasa hapakuwa tena na wa kulaumiwa ila yeye mwenyewe.

“La nane,” Bernadette alisema hatimaye.

“Najua.”

“Na la kumi.”

“Najua, Bernadette.”

“Hayo hayakukwama.”

“Hayakukwama. Ni mimi. Nimeyaachia mapema.”

“Mapema! Bibi wee, umeyaachia juzi!” Sauti ya Bernadette ilipanda, ile sauti yake ya ukumbini iliyokuwa ikirudi kutoka kwenye dari la bati. “Miaka ishirini na tisa nakwambia usiuogope mstari! Ukiuona mstari mwekundu unatetemeka kama umeona nyoka! Nilikwambia kule Dauphin, nilikwambia kule Neepawa, nilikwambia siku ya harusi ya mwanangu na ulikuwa umeshika keki!”

Orysia alifumba macho na kungoja jina la Lenore.

“Ndiye huyo,” Bernadette alisema, na sauti ikashuka ghafla. “Ndiwe mwenyewe. Nilikuwa nimekusahau unavyokosea.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nini? Mtu akikosea kwa mkono wake, mimi nahodha naweza kupanga. Najua mawe yako mawili kati ya kumi yataishia njiani, nayaweka kazi ya kulinda. Tulishinda makombe hivyo, au umesahau? Lakini mashine ikikosea, nipange nini? Sijui itaanguka upande gani.” Akavuta pumzi. “Kesho, saa nane kasorobo. Lenore nitamwambia mwenyewe. Na hicho ulichokifanya ndani ya boksi lako, andika uniletee, maana yangu nayo imeanza kuchechemea na sijamwambia mtu.”

“Sitakuandikia,” Orysia alisema. “Nitakuchorea.”

Bernadette alipoondoka hewani, Orysia alibaki ameketi. Duara lilikuwa tupu, barafu inang'aa, mstari mwekundu umelala kimya mahali pake. Akalivuta jiwe la kumi na moja, ambalo hakuna aliyeliomba. Alilisukuma, akauona mstari unakuja, akahisi kidole kinataka kuinuka kama kilivyotaka kwa miaka ishirini na tisa. Akakizuia, akakizuia tena kidogo, ili tu ajue nini hutokea.